Panda ya Mkorosho

Ungetaka kumjua Bi Mwanaima, usingemtembelea kiangazi. Kiangazi alikuwa mjane tu wa kando ya mto, njia ya Mbekenyera, na mikorosho yake na ukimya wake. Masika ndiyo yalikuwa yake. Mto ukifurika, vijiji vya ng'ambo vinageuka visiwa, na wasafiri wote wanakwama kwake, walimu wa kutoka bara, wachuuzi wa ufuta, hata bwana shamba na majivuno yake. Wanapiga hodi wameloa, anawapikia, wanammwagia habari za dunia mpaka maji yapungue. Mgeni njoo, mwenyeji apone, naye alipona kweli.

Mwaka 2003 akaja Linus, fundi wa barabara, mtu wa Ukerewe. Madaraja mawili yalishazolewa na mto ule, naye alitumwa kujenga la kudumu.

"Shikamoo mama. Mwaka wa mvua za elinino maji yalifika wapi? Daraja nitalipandisha juu ya hapo."

Bi Mwanaima aliitikia, kisha akautazama mto. Karibu na mto palikuwa na kisiki, na juu zaidi mkorosho mkubwa. Akisema kisikini, daraja litakuwa la chini, mafuriko makubwa yatalipita juu, na watu wataendelea kukwama kwake. Nani angemkanusha? Nyumba nyingine haikuwapo hapo. Kidole kilishaanza kuelekea kisikini.

Lakini elinino hiyohiyo ndiyo iliyomuua Amna, binti wa kijiji cha Chunyu. Uchungu ulimshika, hospitali iko ng'ambo, maji hayavukiki. Alikufa juu ya mkeka wa Bi Mwanaima, mtoto tumboni, amemng'ang'ania mkono.

"Yalifika pale kwenye panda ya mkorosho," alisema. "Usiniulize tena, mwanangu."

Masika ya mwaka uliofuata daraja lilikuwa limekwisha. Maji yalipanda mpaka kwenye panda, na daraja halikutikisika. Bi Mwanaima, mazoea yana taabu, alisonga ugali wa sufuria kubwa, akakaa mlangoni.

Likatokea gari la mizigo. Nyuma wanawake walikuwa wamemshikilia mwenzao mwenye uchungu. Bi Mwanaima aliinuka, nusura awaite waingie. Gari halikupunguza mwendo. Lilipanda darajani, likashika njia ya hospitali.

"Haya, nendeni," alisema, na moyo ukafurahi huku ukimuuma.

Akarudi ndani, akafunika sufuria. Masika yale yote hakuna aliyepiga hodi.