Sabuni Yenye Harufu ya Waridi

Wiki moja baada ya kumzika mkewe Migdalia, Onelio alilikokota gari lake kuukuu la Kirusi hadi kwa fundi Evelio, pale pale mtaani kwao Santiago de Cuba.

"Nikikanyaga mafuta linakohoa tu, halivuti," alisema. "Siku ile nikimkimbiza mke wangu hospitali, lilishindwa mlima. Migdalia alikata roho nimekanyaga hadi mwisho. Nataka kumjua mchawi wangu."

Evelio alikagua plagi, akakagua kabureta, vyote vizima. Ndipo akafungua chujio la petroli. Lilikuwa limeziba kwa ute mweupe, na lilinukia waridi.

"Mpumbavu gani huyu kakuzibia tundu la tangi kwa sabuni ya kuogea?" alifoka. "Cuba nzima inajua tangi linazibwa kwa sabuni ya kufulia! Hii ya manukato inamomonyoka, inaingia yote kwenye chujio!"

Onelio alilichukua chujio, akalinusa. Tangi lilipotoboka, nyumbani kulikuwa na kipande kimoja tu cha sabuni. Migdalia mwenyewe ndiye aliyemletea, huku akicheka: "Chukua, mume wangu. Mimi nitaoga maji matupu."