Mashine Iliyotoka Auckland

Dharmend alimpigia simu kaka yake aliyeko Auckland, akiwa amesimama mbele ya mashine ya kuchomelea ambayo kaka huyo alimtumia. Ilikuwa imeungua saketi, miezi mitano tu tangu iletwe mjini Labasa.

"Fundi ameifungua, akaifunga. Spea zake hazipo Fiji nzima."

"Ni toleo jipya, bwana mdogo. Ina hadi skrini."

"Skrini haichomelei chuma, kaka. Nilikwambia nataka ile nzito ya transfoma, inayovumilia umeme wetu wa kupanda na kushuka, yenye spea hapa mjini. Sasa trela za miwa zinazosubiri kutengenezwa zimejaa uani, na kiwanda cha sukari kimeshafungua msimu."

"Basi nitakutumia nyingine."

"Usitume. Shule ulinichagulia wewe. Hata rangi ya nyumba yangu ulichagua wewe. Kwenye karakana hii nitafanya kazi mpaka nizeeke, mashine nachagua mwenyewe."

Akakata simu. Siku ile ile aliuza mbuzi watano, na kufikia Jumamosi akawa na mashine nzito ya mtumba. Ilinguruma vibaya, lakini ilichomelea vizuri. Kaka yake alipopiga tena, Dharmend aliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza, akarudi kwenye trela.