Bwana Pugh Ajiita Shaurini

Mjini Skipton, kaskazini mwa Uingereza, juu ya bucha la nyama ya kondoo, palikuwa na ofisi ambayo serikali ilisahau kuifunga. Ilikuwa ya Msuluhishi wa Pensheni za Watu wa Mifereji. Mzee aliyezifungulia boti malango ya mfereji maisha yake yote, akistaafu na kuzungushwa, alikuja kulalamika hapo. Na mamlaka, jamani, yalikuwepo! Msuluhishi aliweza kumwita mtu yeyote, awe mkurugenzi au mtu wa ukoo wa kifalme, akamwapisha, akamlazimisha kujibu, na akileta kiburi akampeleka kwa jaji kama mtu aliyeidharau mahakama. Waliopungua ni watu wa kazi. Sheria ilimruhusu kuajiri wafanyakazi kadiri anavyowahitaji, na wizara ikaona anamhitaji mmoja.

Huyo mmoja ni Bi Enid Clough. Alifungua barua, alipiga chapa hukumu, aliwaita mashahidi kwa sauti ya kutisha, kisha akawapikia chai mashahidi haohao. Miaka mitatu sasa alitaka kustaafu. Lakini kwa watu wa kwao, kumweleza mwenzio jambo waziwazi ni sawa na kuvua nguo mbele yake. Kwa hiyo Enid alidokeza. Alitundika picha ya bahari juu ya meza yake. Alikuja kazini na sanduku la safari, akalitega mlangoni. Bwana Mortimer Pugh, Msuluhishi mwenyewe, alijikwaa, akaliomba radhi lile sanduku, akapita zake.

Maombi ya Enid ya kustaafu yalikuwa juu ya meza ya Pugh, yakingoja saini. Mara mojamoja Pugh aliyagusa kwa kidole, akauliza, "Hili si la haraka, eti, Bi Clough?" Naye Enid, ambaye moyoni alishapanda treni, alijikuta akijibu, "Wala! Ukipata nafasi tu, Bwana Pugh." Kisha alikwenda kujifungia chooni akang'ata taulo.

Jumatatu moja dada yake Maud alipiga simu kutoka Filey, mji wa pwani, alikokuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili.

"We Enid, umemwambia?"

"Nimemdokezea."

"Umemdokezea! Umeanza kudokeza mume wangu angali hai! Sikiliza, mdogo wangu, na unisikilize vizuri. Usipofika Jumapili, chumba chako nampa binamu Cyril."

"Cyril na vicheche wake, wale wanyama wanaonuka?"

"Wote wanne. Na mmoja ana mimba."

Enid aliweka simu chini. Alikipenda chumba kile kabla hajakiona, kwa kuwa kilikuwa na dirisha la baharini, na sasa alikiona kimejaa vicheche. Hapo ndipo wazo la kichaa lilipomjia. Wafanyakazi wa ofisi ile nao walilipwa pensheni za mifereji. Basi hata yeye alikuwa na haki ya kulalamika kama mfungua malango yeyote. Alipiga chapa lalamiko, akajipokelea mwenyewe, akaligonga muhuri, akaingia chumbani kwa Pugh.

"Kuna lalamiko jipya, Bwana Pugh."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yako."

"Masikini mimi! Nani kalalamika?"

"Mimi."

"Oo. Samahani sana."

"Hapana, samahani ni yangu."

"Hapana, hapana, yangu." Waliombana radhi mpaka chai ikapoa. Hatimaye Pugh alijikohoza. "Mimi siwezi kujiamua mwenyewe. Mpe naibu wangu."

"Huna naibu, Bwana Pugh. Wizara ilikataa."

"Kweli. Basi mwandikie mlalamikiwa, umwite shaurini Alhamisi."

"Kwa anwani gani?"

"Hii hii. Na umkanye asichelewe. Namjua, huyo ni mchelewaji."

Alhamisi Pugh alichelewa, na jambo la kwanza alilofanya ni kujikaripia. Shauri lilisikilizwa jikoni, maana chumba kingine hakikuwepo. Viti viwili viliwekwa upande wake: akikaa cha kulia ni Msuluhishi, akikaa cha kushoto ni mlalamikiwa.

"Kwa nini hukusaini maombi ya huyu mama?" aliuliza kwa ukali. Alihamia kushoto. "Mheshimiwa, mwenyewe alisema hakuna haraka." Alirudi kulia. "Usinijibu kihuni, bwana, nitakupeleka kwa jaji!" Kushoto aliinamisha kichwa kwa aibu ya kweli. Enid aliuma midomo asicheke.

Kisha ikafika zamu yake. Aliinua mkono wa kulia, akaapa.

"Mlalamikaji, unataka nini?"

"Aa, chochote kitakachokufaa, Bwana Pugh."

"Bi Clough, uko chini ya kiapo. Nina mamlaka ya kukulazimisha kujibu, nami nakulazimisha."

Hapo kitu kilifunguka ndani ya Enid. Kumbe kulazimishwa ni raha! Hakuna anayeweza kukuita mkosa adabu.

"Nataka kuondoka!" alipiga kelele, hata mwenye bucha kule chini akasimamisha shoka. "Nataka kuondoka kesho! Nataka bahari! Nimechoka kuosha vikombe, nimechoka kupanda ngazi hizi, na nawachukia vicheche!"

Enid alikuwa bado amewaka moto, hakumpa Pugh nafasi ya kupumua. "Na mimi nina haki ya kumhoji mlalamikiwa. Naomba aapishwe."

Pugh alihamia kushoto polepole, akainua mkono.

"Wewe si mjinga, Bwana Pugh. Sanduku uliliona. Kwa nini hukusaini?"

Alilitazama birika. "Kwa sababu tangu mke wangu afariki," alisema, "anayeniambia habari za asubuhi ni wewe peke yako. Nikisaini, nitasuluhisha na nani?"

Miaka yote hiyo Enid alimdhani mzembe, kumbe mtu alikuwa na majonzi.

Pugh alirudi kiti cha kulia, akapenga kamasi, akatoa hukumu. Mlalamikiwa alikuwa amekosa kabisa. Aliamriwa asaini papo hapo, aombe radhi, na ampikie mlalamikaji kikombe cha chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ofisi ile. Alitii yote. Chai ilitoka na rangi ya mfereji, na maziwa yakielea juu kama mafuta ya boti.

Enid alikunywa. "Bado niko chini ya kiapo?"

"Hapana, nimefunga shauri."

"Basi ni chai nzuri sana."

Alivaa koti, akashika sanduku lake. Mlangoni aligeuka. "Karibu Filey, Bwana Pugh. Uje siku yoyote."

Pugh alitabasamu kwa huzuni. Kwao kila mtu humwambia kila mtu hivyo, na ole wake atakayetokea kweli. "Ahsante, Bi Clough. Una adabu sana."

Enid aliweka sanduku chini, akainua mkono wa kulia.

"Jumapili, saa sita mchana," alisema. "Na uniite Enid."