Kikombe Ndani ya Kasha la Miwani

Mtaani walimwita Bibi Vipande, na jina lenyewe hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kukata picha, tena si kwa mkasi. Alichukua mchoro mzuri uliochapwa kwenye karatasi nene, akaubandika kwa gundi juu ya plaiwudi, akaulaza siku mbili chini ya matofali ukauke. Kisha alikaa kwenye msumeno wake wa kukanyaga kwa mguu, wenye wembe mwembamba kama uzi, akaukata vipande mia tatu na zaidi, kila kimoja na shingo yake na mashavu yake ya kushikana na jirani. Mwenye picha akifika nyumbani alivimwaga mezani, akaanza kuvipanga kimoja kimoja mpaka picha irudi.

"Yaani watu wanakuletea kitu kizima," fundi cherehani wa chumba cha pili alipenda kumtania, "unakikatakata, halafu wanakushukuru."

"Na wewe si wanakuletea kitambaa kizima? Tofauti ni kwamba wangu hawarudi kuniambia kinawabana."

Kila fundi wa kazi hii huwa na alama yake. Ya Bibi Vipande ilikuwa kipande chenye umbo la kikombe, na kishikio chake ubavuni. Alikikata mwisho kabisa, na kikitoka hakukichanganya na wenzake kwenye sinia, maana kile kishikio kilikuwa chembamba kama njiti na msasa ungekivunja. Alikitia ndani ya kasha lake la miwani, kikalala humo salama. Siku ya kufunga boksi ndipo alikitoa na kukiweka juu ya vingine vyote. Miaka ishirini alifanya hivyo, na kikombe hakikupotea hata kimoja.

Kupiga msasa, kufagia na kuhesabu kulikuwa kazi ya mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Binti yule alikuwa na jicho. Kipande kikiwa kimegeuka chini juu kwenye sinia, alikiona akiwa bado mlangoni. Bibi Vipande alijua kwamba amepata mtu, ila hakumwambia. Alikuwa katika wale wanaoamini kwamba sifa humlegeza mtu mkono.

Basi akaja muuguzi mmoja mstaafu na picha yake. Alitaka ikatwe iwe ya kupanga, ampelekee kaka yake ambaye alikuwa amelala kitandani miezi na hakuwa na cha kufanya ila kuhesabu mabati ya dari. Ilikuwa picha ya mwanamke anayeanua nguo mbele ya mlango wa njano. Mkwe alipoiona aliweka ufagio chini.

"Hii ni ya baba," alisema.

Marehemu baba yake alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Maisha yake yote alichora picha moja tu kwa ajili ya nafsi yake, nayo ni hiyo. Picha yenyewe iliungua pamoja na nyumba. Zilisalia nakala mbili zilizochapwa, moja ya muuguzi na moja iliyotundikwa chumbani kwa huyo binti. Mwanamke anayeanua nguo alikuwa mama yake, ambaye alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Uso haukuonekana vizuri kwa sababu ya shuka, ila mkono ulionekana wote, umeshika kamba.

Bibi Vipande akaikata vizuri kuliko zote alizowahi kukata. Kikombe akakikata palepale penye mkono.

Siku mbili baadaye wakahesabu. Vilitakiwa mia tatu na kumi na mbili. Vikaja mia tatu na kumi na moja. Wakarudia, vikaja vilevile. Wakavipanga mezani. Katikati ya mlango wa njano na shuka palikuwa na tundu lenye umbo la kikombe.

"Kitoe basi, mama," mkwe alisema.

Bibi Vipande akafungua kasha lake la miwani, likawa tupu. Akalipigapiga kiganjani. Tupu.

"Basi nilishakupa."

"Hujanipa, mama."

"Nilikupa. Kama sikukupa, kingekuwa humu. Jana ulifagia, takataka ulipeleka wapi?"

"Niliziwashia moto. Lakini nilizichekecha kwanza, kama kawaida."

Mwana alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kumchukua mkewe. Fundi cherehani naye alikuwa amechungulia baada ya kusikia sauti zimepanda. Mbele ya hao wawili Bibi Vipande akasema, polepole, bila hasira, na hapo ndipo maneno yalipopata makali: "Mtu anayefagia huku akili yake iko sokoni hafai kazi ya macho."

Mkwe alivua aproni, akaikunja, akaondoka na mumewe.

Asubuhi akarudi na picha yake kwapani, ile ya chumbani. "Kata humu," alisema. "Mgonjwa wa watu asipelekewe picha yenye tundu kwa uzembe wangu." Bibi Vipande alisitasita kidogo, kidogo tu. Akachukua wembe, akaondoa kipande cha karatasi ukubwa wa kiberiti, pale penye mkono, akakibandika kwenye plaiwudi na kukata kikombe kipya. Kikaingia kwenye tundu lake kama kimezaliwa humo. Muuguzi alikuja, akachukua boksi, akashukuru sana. Mkwe akairudisha picha yake nyumbani ikiwa na dirisha katikati.

Ungedhani yameisha. Wiki tatu zikapita. Siku moja skrubu ya miwani ya Bibi Vipande ikadondoka, mguu mmoja ukaning'inia. Miwani ile ilikuwa mipya, mwanawe alimletea mchana uleule alipomaliza kukata picha ya muuguzi, pamoja na kasha lake jipya la buluu. Ya zamani alikuwa ameitupia kwenye droo. Sasa akaivuta ile droo, akatoa kasha la kahawia, akalifungua. Juu ya miwani ya zamani ulilala mkono wa mwanamke, umeshika kamba, ndani ya kikombe.

Alikaa. Kichwani alikuwa anaiona siku yenyewe ilivyokwenda. Alikikata kikombe, akakitia kwenye kasha kama alivyozoea miaka ishirini, mwanawe akaingia na zawadi, yeye akafurahia miwani mipya kama mtoto, akabadilisha kasha. Hakuna aliyefagia kitu. Akili iliyokuwa sokoni ilikuwa yake.

Angesema siku ileile, ingekuwa aibu ya siku moja. Lakini mkwe alipoingia na sinia, Bibi Vipande alikifumba kikombe kiganjani na kukisukumia mfukoni mwa aproni. Mkono ulimtangulia moyo. Na jambo likishafichwa mara moja, siku ya pili hudai lifichwe tena.

Akaanza kulipa kwa njia za mkato. Akampa mkwe kiti chenye mto. Akamletea chai mwenyewe. Akamsifia msasa wake, yeye ambaye miaka minne hakuwahi kusifia hata salamu.

"Mama, unaumwa?" mkwe alimuuliza.

"Kwa nini?"

"Umeniambia asante mara tatu tangu asubuhi. Nimeogopa."

Fundi cherehani naye alikuwa ameona. "Dada, wema huu wa ghafla una homa ndani yake," alisema, akacheka. Bibi Vipande hakucheka. Kikombe kilikuwa mfukoni, na kila alipoinama juu ya msumeno, kishikio chake kilimchoma pajani.

Kilichomtesa zaidi ni kuhesabu. Zamani mkwe alihesabu mara moja, akafunga boksi. Sasa alihesabu mara tatu, akifunga anafungua, anahesabu tena. Takataka alizichekecha mpaka vumbi likamkohoza. Mwana alisema hata nyumbani mkewe anahesabu vijiko akishaosha vyombo, tena anainuka mezani kwenda kuhakikisha. Lile jicho lililoona kipande toka mlangoni lilikuwa limeacha kujiamini.

Jumatano mkwe akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye sinia, "Mama, wiki hii naimaliza. Nimepata kazi ya kufunga mikate. Huko mtu hahesabu, mashine ndiyo inahesabu."

"Unaniacha?"

"Ulisema kweli, mama. Sifai kazi ya macho. Bora niondoke kabla sijakuharibia jina."

Bibi Vipande alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, limefika kwenye meno. Akasema, "Haya, mwanangu," akageukia msumeno, na alasiri ile akaharibu mstari mbele ya macho yake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu ujana.

Ijumaa mchana mwana akaja kumchukua mkewe na vitu vyake. Bibi Vipande alimwambia asubiri. Akaenda mwenyewe chumba cha pili.

"Njoo kwangu mara moja," alimwambia fundi cherehani.

"Nina gauni la watu hapa."

"Uliacha gauni ukaja kusikiliza nikimtukana. Liache tena."

Wakasimama wote wanne, palepale waliposimama siku ile. Bibi Vipande akaingiza mkono mfukoni, akakiweka kikombe mezani. Mkwe alikitazama kama mtu anayeangalia sura anayoifahamu katika umati.

"Kilikuwa kwenye kasha langu la zamani," Bibi Vipande alisema. "Nilikitia mwenyewe. Hukupoteza kitu, hukuunguza kitu. Nimekijua siku kumi na sita. Siku kumi na sita nimekuona unajichekecha pamoja na takataka, nikanyamaza. Nilisema akili yako iko sokoni mbele ya hawa, na mbele ya hawa nasema ilikuwa yangu. Picha ya baba yako nimeikata bure."

Mwana akasema, "Mama."

Mkwe alikichukua kikombe. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye kishikio, kizima. Akamwambia mumewe, "Kaniletee ile picha," na sauti yake haikuwa ya mtu wa kubishiwa. Mume akaenda, akarudi nayo. Binti akailaza mezani, akakiweka kikombe kwenye tundu. Hakikujaza. Tundu lilikuwa la pembe nne, kikombe ni kikombe, na pembeni pakabaki weupe. Tena kilikuwa kinene, kimevimba juu ya karatasi kama uvimbe wa nyuki.

"Naweza kukubandulia karatasi yake kwa maji, niilainishe—" Bibi Vipande alianza.

"Usiguse, mama."

Alikibandika mwenyewe kwa gundi, vilevile, na weupe wake na unene wake. Kisha hakuichukua nyumbani. Alipigilia msumari ukutani, mbele ya msumeno, mahali ambapo mtu akikaa kukanyaga hana pengine pa kutazama, akaitundika hapo.

"Siwezi kukudanganya kwamba yameisha, mama," alisema. "Siku kumi na sita ni nyingi."

"Ni nyingi," Bibi Vipande alikubali.

Fundi cherehani akarudi kwenye gauni lake, na safari hii hakuwa na utani.

Jumatatu Bibi Vipande alifika mapema, akakaa peke yake na ule mkono ukimtazama. Alikuwa amejiambia atafagia mwenyewe. Akasikia aproni inakung'utwa mlangoni. Mkwe aliingia, akasalimia, akavuta sinia, akahesabu vipande vya picha ya Ijumaa mara moja tu. Kisha akanyoosha kiganja mbele ya mama mkwe wake na kusubiri.

"Kikombe, mama. Kuanzia leo nakaa nacho mimi."

Bibi Vipande akafungua kasha la buluu, akampa.

"Na lile la kahawia," mkwe alisema. "Fungua nione."

Akalifungua.