Kuku wa Vidole Vitano

Sindano ilikuwa imepita tundu la nne la mgongo wa kitabu simu ilipolia mezani. Mama Gundi, fundi wa kushona vitabu vya maktaba, akafuta vidole kwenye aproni. Wifi yake alikuwa amemtumia katuni ya mtandaoni: "Wifi, chungulia. Huyu kuku ananuna kama wewe!"

Akacheka. Kobe mwuza miavuli aliyesimama nyuma ya kuku, Mama Gundi alimjua tangu utotoni, na paka mwenye ngazi pia. Mchoraji alikuwa amewatoa kwenye kitabu cha hadithi za kale za watoto akawapanga foleni ya benki. Halafu kicheko kikamkauka. Mguu wa kuku ulikuwa na vidole vitano.

Kuku wa kitabuni alikuwa na vinne. Mwaka jana picha yake ilichanika, Mama Gundi akabandika kiraka na kuuchora mguu upya kwa mkono wake. Kidole kikazidi. Kosa hilo lilikuwa kwenye nakala moja tu, hii hii aliyokuwa akiishona, nayo haijatoka chumbani humu tangu siku ile. Sasa karatasi zake tatu hazionekani, ya kuku ikiwemo, na mkuu wa maktaba ameshasema: zisipopatikana kufikia Ijumaa, fundi atafute kazi kwingine.

Funguo za chumba zilikuwa mbili. Wa pili alikuwa nao Miwani, wa dawati la kuazimisha, yule yule aliyemtetea kwa mkuu: "Kuku havunji yai lake, mzee."

Kushuku si kujua. Mama Gundi akamwita, akampa penseli.

"Kaka, nichoree kuku, nibandike kwenye droo."

"Mimi? Hata sahihi yangu inanishinda."

"Chora tu, sitakucheka."

Alichora upesi mno kwa mtu asiyejua. Mdomo, koti, vifungo. Kisha mguu: kidole, kidole, kidole, kidole. Cha tano. Penseli ikasimama.

"Kuku gani huyo, kaka?"

"Mkono umeteleza."

"Umeteleza mpaka mtandaoni?"

Miwani akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nilizitoa nizinakili tu kwa katuni zangu, Mama Gundi. Nikaogopa kuzirudisha. Ziko nyumbani, kwenye bahasha. Hata sijazikunja, naapa."

"Kwa hiyo ningefukuzwa, ila karatasi hazijakunjwa."

Miwani akairudisha miwani usoni.

"Nitakuletea kesho asubuhi."

"Hutaniletea mimi. Utampelekea mkuu, nami nikiwepo. Ufunguo niachie."

Akauweka mezani, akatoka bila kugeuka. Mama Gundi akasikiliza hatua zake mpaka mwisho wa korido. Bahasha ingekuja kweli, au ingekuja hadithi nyingine?

Akakifungua kitabu. Baada ya ukurasa wa kumi na mbili ulifuata wa kumi na tisa. Hakufunga fundo. Akaiacha sindano ining'inie kwenye uzi wake, akafunika gundi.