Tao la Perlita

Mama mwenzangu, mwanao akikuomba umshikie tao, na wewe moyoni unajua mikono itakuangusha, mwambie hapana siku hiyo hiyo. Mwambie akiwa bado amekaa, hajavaa, hajasimama mbele za watu. Hapana ya mapema inauma, lakini mtu anaweza kuimeza na maji. Mimi nilisema ndiyo, na ndiyo hiyo ndiyo iliyomfukuza mwanangu mara ya pili.

Mara ya kwanza nilimfukuza kwa mfuko wa nguo. Sisi tunakaa Malabon, upande wa chini, ambako bahari inapanda mpaka mlangoni mwezi ukiwa mpevu. Nilimzaa mwanaume, tukambatiza Crisanto. Alipofika miaka kumi na minane alikuwa amefuga nywele, anatembea kike, anataka aitwe Perlita. Kwetu watu kama yeye tunawaita bakla, na kila mtaa unao. Wanatutengeneza nywele, wanatuchekesha, wanapamba kanisa, na sote tunawapenda, ilimradi wawe watoto wa jirani. Mume wangu Gaudencio aliapa kwamba akimkuta tena na gauni atamvunja miguu. Niliogopa. Nikampakia mwanangu nguo kwenye mfuko wa mchele, nikamwambia, "Nenda siku mbili tatu, baba yako apoe." Nikafunga mlango.

Siku mbili tatu zikawa miaka miwili. Gaudencio alipoa kabisa, tukamzika mwezi wa kumi.

Baada ya maziko nikaanza kutafuta. Niliambiwa kuna watu wanagawa uji wa mchele kila Jumapili asubuhi chini ya daraja la barabara kuu, kwa ajili ya bakla wasio na pa kulala na wasichana wanaoishi kiume, wale ambao makwao wamefungiwa milango. Kiongozi wao ni Mama Osang, bakla mzee aliyekuwa na saluni zamani, nyonga mbovu, anatembea kwa kuchechemea. Watu wazima na ndevu zao wanamwita Mama. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza lilinichoma.

Nikamtolea picha ya Crisanto ya siku ya kumaliza shule. "Umemwona huyu?"

Aliitazama bila kuishika. "Hapa hatusemi nani yupo na nani hayupo."

"Mimi ni mama yake."

"Wanaokuja na visu nao husema ni baba zao, ni kaka zao." Kisha akanipa upawa. "Gawa uji. Anayetaka kukuona atakuja foleni yako. Asiyetaka, atapita kwa Remy."

Remy alikuwa kwenye sufuria ya pili. Ni mwanamke, anavaa kiume, kazi yake kubeba abiria kwa baiskeli, mabega mapana kama mlango. Akanitupia aproni. "Karibu, bibie. Ukimwaga unapiga deki."

Jumapili tatu niligawa uji nikikagua kila uso. Wengine walinicheka. "Mama huyu anatuangalia kama anachagua samaki!" Jumapili ya nne nilikuwa nimechoka na nyuso, nikawa natazama mabakuli tu. Ndipo nikauona mkono. Ulikuwa na kovu la pasi juu ya kidole gumba. Kovu hilo nililitia mimi, bahati mbaya, akiwa na miaka mitano, nikipiga pasi nguo za watu.

"Ongeza tangawizi, Mama," akasema. "Wewe siku zote unabania tangawizi."

Nikaongeza, nikaongeza, mpaka Remy akapiga kelele, "We mama! Hiyo tangawizi ni ya watu arobaini!"

Tulikaa kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa amekonda, anakohoa kikohozi kikavu, kucha amepaka rangi ya zambarau. Nikamwambia baba yake amekufa.

"Najua. Nilikuja kwenye maziko. Nilisimama ng'ambo ya barabara."

"Rudi nyumbani, mwanangu."

Alikoroga uji wake muda mrefu. "Mvua zinaanza mwezi wa sita. Hapa chini maji yanatufika magotini, tunalala tumesimama kama farasi. Nataka kurudi, Mama. Ila sitaki kuingia kwa mlango wa jikoni kama paka."

Akanieleza. Mwezi wa tano, kwetu kila mtaa unafanya maandamano ya Msalaba. Mabinti wanavaa kama malkia, na kila malkia anatembea chini ya tao la mianzi na maua lenye jina lake, watu wawili wamelishika pande zote mbili. Kundi la Mama Osang nao walikuwa wanafanya ya kwao. Mwanangu alikuwa amepewa kuwa Malkia Elena, yule aliyeupata Msalaba, anayetembea mwisho, mkubwa kuliko wote.

"Remy atashika mguu mmoja wa tao. Mwingine shika wewe. Unifikishe mpaka mlango wa kanisa tu. Ukinifikisha, jioni hiyo hiyo nachukua mfuko wangu, tunaenda nyumbani."

Sasa sikiliza nilichouliza. Sikuuliza tao ni zito kiasi gani. Sikuuliza gauni lake ni la rangi gani. Niliuliza, "Mnapita mtaa gani?"

Alinitazama. "Mtaa wa ghala la barafu, halafu kanisani. Hatufiki kwenu."

Alisema kwenu. Nililisikia neno hilo nikaliacha lipite. Nikasema, "Basi ndiyo. Nitashika."

Wiki zile zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mama Osang alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara nne kuomba kibali, mara tatu akarudishwa, ya nne akakalia ngazi za ofisi na nyonga yake mpaka wakampa. Chini ya daraja tulikata maua kutoka mabango ya uchaguzi uliopita. Ukilitazama waridi kwa karibu unaona jino la mgombea. Gauni la Perlita lilikuwa pazia la bluu, nilimshonea kiuno mimi mwenyewe, na wenzake wakimtania, "Pumua kidogo kidogo, Malkia, ukicheka tu tutakuona mpaka utumbo!" Nami nilicheka. Nyumbani nikaanika godoro lake juani, nikafua chandarua, nikanunua mswaki mpya nikauweka kwenye kikombe pamoja na wangu. Nilikuwa nimeanza kumwita Perlita. Chini ya daraja, lakini. Nyumbani, mtu akiniuliza naenda wapi Jumapili, nilisema naenda kufua.

Siku ilifika, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, saa kumi jioni. Malkia tisa walikuwa wamejipanga, tarumbeta mbili na ngoma moja, mishumaa imewashwa ingawa jua bado lipo. Tao la Perlita lilikuwa kubwa kuliko yote. Juu liliandikwa MALKIA ELENA, chini yake PERLITA kwa vifuniko vya chupa vilivyong'arishwa. Nikashika mguu wangu wa mwanzi. Remy akaniuliza, "Iko sawa, bibie?" Nikasema iko sawa.

Hatujaondoka, Mama Osang akaja akichechemea, sketi imelowa. "Bahari imepanda. Mtaa wa ghala maji yanafika kiunoni. Malkia zangu hawaogelei. Tunazunguka kwa juu, tunapita mtaa wa Paning."

Paning ni mimi.

Perlita aligeuka ndani ya pazia lile. Uso wake ulikuwa umepakwa poda vizuri, lakini macho yalikuwa yale ya utotoni, ya kusubiri kuona kama nitakasirika. "Mama, unaweza?" akauliza polepole, wengine wasisikie. "Kama huwezi, sema. Mama Osang atashika. Sitakasirika."

Mungu alinipa mlango wa pili wa kusema hapana, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeufungua. Nikasema, "Naweza."

Tulipokata kona ya mtaa wetu niliwaona. Akina mama wa rozari walikuwa wamekaa kwenye viti mbele ya nyumba ya jirani yangu Sorya, sanamu ya Bikira mezani, kama kila jioni ya mwezi wa tano. Miaka kumi na tisa nimesali nao. Nguo zao nafua mimi. Upande wa pili wanaume walikuwa wanakunywa kwenye benchi.

"Malkia!" mmoja akapaza sauti. "Ndevu hizo ni za kifalme?"

"Ndiyo," Perlita akajibu bila kupunguza mwendo, "na mkeo ndiye kinyozi!"

Benchi zima likalipuka kwa kicheko, hata yule aliyetukana. Hata akina mama wa rozari walicheka, wengine wameziba midomo kwa rozari. Ilikuwa imepita, mama mwenzangu. Balaa lenyewe lilikuwa limepita na mwanangu amelishinda kwa mdomo wake. Zilibaki nyumba kumi na kanisa.

Ndipo Sorya akasimama kwenye kiti chake. "Paning!" akaita. "Paning, ngoja!"

Nikainama.

Sijui ni nani aliyeuambia mgongo wangu uiname. Niliuweka mguu wa tao chini, nikashika ukanda wa ndala yangu, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Ndala imekatika." Ndala haikuwa na kitu. Tao likalala upande wangu, maua yakaingia kwenye dimbwi. Remy akasema kwa meno yaliyobanwa, "Mama Paning, inuka. Inuka!" Sorya alikuwa anakuja, nilisikia hatua zake. Nami nikasema, bila kuulizwa na mtu yeyote, "Simjui huyu! Nilikuwa nawasaidia kushika tu!"

Niliyasema hayo nikiangalia ndala. Kitu nilichokiona ni pindo la pazia la bluu, mkono mmoja tu kutoka usoni kwangu. Lilikuwa limesimama. Chini yake viatu vya raba vilivyopakwa rangi ya fedha, kidole kimoja kimetokeza. Lilisimama muda wa Salamu Maria moja. Kisha ukaja mguu unaochechemea, tao likainuka, na pindo likaondoka.

Nilibaki nimechuchumaa mpaka mshumaa wa mwisho ulipopita. Mama mmoja wa rozari aliniinamia akanipa pini. "Shika, ufungie ndala." Nikaipokea. Nikaifunga kwenye ndala nzima, watu wakiniangalia.

Nikapita vichochoro vya nyuma nikakimbia kanisani. Tao lilikuwa limeegemezwa ukutani, upande mmoja mweupe, upande mmoja tope. Mama Osang alikuwa amelala kwenye benchi, wawili wanamkanda nyonga, hakugeuza kichwa. Remy alikuwa anakunywa maji.

"Yuko wapi?"

"Alifika," Remy akasema. "Mpaka mlangoni, kichwa juu. Halafu akavua gauni, akalikunja, akaondoka."

"Kaenda wapi?"

Akanitazama vile Mama Osang alivyoitazama picha yangu siku ya kwanza. "Hapa hatusemi, mama."

Mvua zilianza tarehe nne. Wiki ya tatu Sorya alikuja kuchukua nguo zake, akakataa kukaa, akasimama mlangoni na mwavuli. "Yule mtoto ana pua ya marehemu," akasema. "Nilimtambua alipokata kona. Mtaa mzima ulimtambua. Mimi mambo yao siyapendi, Paning, sikufichi. Lakini nilikuita umlete aweke ua kwa Bikira, kama malkia wengine wote wanaopita pale. Wewe ukamkana hata sijafungua mdomo."

Nikampa nguo zake. Zilikuwa hazijakauka vizuri, nikamwambia aziangalie.

Basi hiyo ndiyo aibu niliyokuwa nailinda. Nilikuwa nafunika chungu ambacho majirani walishakula ndani yake siku nyingi. Kwa hiyo nakwambia wewe ambaye mwanao bado yuko ndani, ambaye bado unasema naenda kufua: wanajua. Wanakusubiri wewe tu.

Jumapili bado nakwenda chini ya daraja. Mama Osang hakunifukuza. Siku ya kwanza nilimwomba, "Usiniambie yuko wapi. Niambie tu kama kile kikohozi kimepona." Nilidhani atasema. Kisha akanipa upawa.

Maji yako magotini sasa, tunagawa uji tumevua viatu, sufuria ziko juu ya meza. Natia tangawizi nyingi, watu wanalalamika inawachoma. Siangalii nyuso tena, naangalia mikono. Na nyuma yangu, hatua kumi, iko foleni ya Remy, nasikia wanacheka, wanataniana, wanakohoa. Sheria ya Mama Osang haisemi nisigeuke. Lakini sigeuki. Anayetaka kunionyesha mkono wake anajua nilipo.