Amplifaya ya Kunong'ona

Barua mbili za malalamiko Des Corrigan alikwisha kuzipata, na katika kijiji cha wastaafu kilichoko nje kidogo ya mji wa Innisfail, barua ya tatu haina msalie Mtume. Wakazi huitwa, mikono huinuliwa, na kilichopiga kelele hutolewa getini, kiwe mbwa, jogoo au gitaa.

Zile mbili za mwanzo alizistahili, wala hakubisha. Alikuwa bado na amplifaya yake ya enzi za kupiga dansi kwenye kumbi, dude lenye ukubwa wa friji. Siku aliyoliwasha alichapa nyuzi mara moja tu, na meno ya bandia ya mzee wa nyumba ya nne yakatembea ndani ya glasi. Kasuku waliokuwa mtini wakahamia wilaya nyingine na mpaka leo hawajarudi. Siku ya pili akapunguza. Wakahama popo.

Lakini kuliacha gitaa? Hilo hapana. Miaka thelathini na minane aliendesha treni ya miwa kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza, akijiahidi kwamba akistaafu atapiga kila siku saa kumi alasiri, nyumbani kwake, ameketi kwenye kiti chake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili, na ahadi nyingine hakuwa nayo.

"Tafuta inayonong'ona," mkewe Merle alimwambia. "Au vaa hedfoni kama wajukuu zako."

"Hedfoni juu ya hivi vifaa vyangu vya kunisaidia kusikia? Vinapiga mluzi kama birika. Nitasikia birika, gitaa nisilisikie."

"Basi inong'one, bwana we."

Mwenye duka la muziki mjini akamwazima amplifaya tatu azijaribu kwa wiki moja. Mtu wa kumsaidia kuchagua alikuwepo tayari: Keith Bodley, jirani yake, ambaye nyumba zao zilikuwa pacha, ukuta mmoja, sakafu ya mbao moja. Keith alikuwa mpiga breki kwenye treni ileile ya Des. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuitana kwa majina. Kwa watu wa kule, ukimpenda mtu unamtukana. Usiyempenda ndiye unayemheshimu.

"Sikiliza, we gunia la viazi," Keith alisema. "Mimi nakaa jikoni kwangu na chai yangu. Nikikusikia, nagonga ukuta kwa kijiko. Mara moja, nakusikia. Mara mbili, punguza. Mara tatu, nakuja kukuzika."

"Na usipogonga?"

"Nisipogonga umepata, mjinga wewe. Inunue."

Ya kwanza ilikuwa ya mtindo wa kizamani, yenye vitaa vya kioo vinavyowaka ndani. Wati tano tu, Des alijisifu, balbu ya chooni ina zaidi. Kumbe wati tano za vile vitaa ni farasi watano. Na ukiipunguza sana inakuwa baridi, maana utamu wake huja ikishapata moto. Kijiko kiligonga mara tatu kabla noti ya kwanza haijaisha.

Ya pili ilikuwa ya betri, ndogo kama kisanduku cha chakula cha mchana. Keith hakugonga. Ila gitaa lilisikika kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo la bia.

"Ukuta umeridhika," Merle alisema toka jikoni, "lakini mimi nakaribia kulia."

Ya tatu ndiyo. Ndogo kama mkate mzima, spika mbili, na hata ukiifungua upana wa ukucha tu sauti ilitoka nene na kamili, utadhani bendi nzima imeketi mle ndani kwa adabu, imevua viatu. Des aliiweka sakafuni karibu na mguu wake, akapiga. Kimya. Akafungua kidogo. Kimya. "Merle!" akaita. "Hii ndiyo! Njoo usikie, hii ndiyo!" Akapiga nyimbo sita, hata zile asizozijua, na ng'ambo ya ukuta hakuna aliyegusa kijiko.

Baadaye Keith akachungulia mlangoni. "We mzee mchovu, utaanza lini? Chai imepoa, nimelala, nimeamka."

"Nimepiga nusu saa nzima!"

"Acha uongo."

Des akampiga ngumi ya bega, ambayo kwa wanaume wa kule ni sawa na kukumbatiana huku mnalia.

Akainunua, na wiki tatu zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Alinenepa. Alianza kunyoa ndevu kila siku. Vidole vilivyokuwa vigumu kama karoti vikalegea, na Merle anaapa kwamba alasiri moja vyura wa mtaroni walipanga mstari mlangoni wakasikiliza mpaka mwisho.

Ndipo ikaja barua ya tatu. Jina la mwandishi halikuwekwa, kama ilivyo kawaida ya kamati ya kijiji. Ililalamikia mtetemo: kila siku kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja vikombe kabatini vinagongana, uzi mnene ukipigwa kitanda kinatikisika, na mpigaji hukosea mahali palepale kila siku, akarudia mwanzo.

"Nani huyu?" Des aliwaka. "Yule mama wa nyumba ya tisa! Hajawahi kunipenda."

Merle aliisoma polepole, akavua miwani. "Des, nyumba ya tisa iko kule mwisho. Mtetemo haufiki huko. Upande huu wetu kuna Keith, na upande ule kuna miwa."

"Basi itakuwa miwa."

"Imejifunza kuandika?"

"Nimeisomba miaka thelathini na minane, Merle. Ina sababu."

Alicheka peke yake. Katika mji ule mtu anaweza kuwa mlevi, mvivu au mkopaji na bado akakaribishwa kwenye nyama choma ya Jumapili. Mchongezi haitwi popote. Kumdhania Keith ilikuwa kama kumdhania mkono wake mwenyewe. Akatoka nje kumwagilia maua, akili itulie, na Keith naye akatoka.

"Habari ya asubuhi, Desmond," Keith alisema. "Natumaini umelala vizuri."

Maji yakaanza kumwagika kwenye viatu vya Des. Desmond! Hata mchungaji siku ya harusi hakumwita hivyo. Alisubiri gunia, mjinga, mzoga, chochote. Keith alitabasamu kwa adabu, akaingia ndani.

Saa kumi ilipofika Des akamwacha Merle na gitaa, akaenda kubisha mlango wa pili. Keith akamimina chai. Wakakaa. Merle akaupiga uzi mnene.

Sauti haikusikika kabisa. Lakini vikombe viwili vilianza kulia kwenye visahani vyao kama meno ya mtu mwenye homa, na juu ya chai zikatokea duara, moja ndani ya nyingine. Wote wawili wakaziangalia.

"Unasikia kitu, Keith?"

"Mimi? Hapana. Sisikii chochote."

Merle akapiga tena. Biskuti ikateleza sahanini ikaanguka.

"Siku ile ya kujaribu," Des aliuliza, "ilikuwa hivi hivi?"

Keith alikizuia kikombe chake kwa kiganja. "Ilikuwa hivi."

"Na kijiko ulikuwa nacho mkononi."

"Nilikusikia ukimwita Merle. Hii ndiyo, hii ndiyo. Ningegonga vipi? Nikasema nitazoea. Sikuzoea. Nikaona kamati ndiyo njia isiyomuumiza mtu."

Des akainuka, akaukaribia ukuta, akapaza sauti: "Merle! Iweke juu ya kiti! Chini yake tia kile kigodoro cha mbwa!" Wakasubiri. Upande wa pili kiti kiliburuzwa. Merle akaupiga uzi uleule, mara nne, kwa nguvu. Chai ilikaa tuli kama bwawa.

"Dakika mbili," Des alisema. "Ungesema neno moja tu, Keith. Ungeniambia, we mpumbavu, inyanyue."

"Wewe ni rafiki yangu. Ningekulalamikia usoni?"

"Basi kaifute barua. Mwandishi akisimama mkutanoni akasema ameifuta, yamekwisha."

Keith akashika kichwa. "Nisimame? Mbele ya watu wote? Watajua ni mimi, Des. Nitaitwa mchongezi mpaka nife."

"Na mimi je?"

Keith aliinama akaokota biskuti.

Mkutano ulikuwa Ijumaa, kwenye chumba cha chai, penye mikate midogo ya jamu na Bi Yvonne, mwenyekiti, ambaye hupiga meza hata wakati hakuna anayezungumza. Des alieleza habari ya kiti na kigodoro. Akawakaribisha wote waje wasikilize kwa miguu yao. Wengine wakacheka, wakaanza kumwonea huruma.

"Naamini usemayo, Bwana Corrigan," Bi Yvonne alisema. "Ila barua ipo. Aliyeiandika kama yumo humu na anataka kuifuta, asimame."

Keith alikuwa safu ya pili, anakoroga chai. Alikoroga, akakoroga. Des hakuutazama uso wake. Alitazama ule mkono, akimngojea kama alivyomngoja kwenye kila mteremko, treni imejaa miwa nyuma yao, na breki haikukosa hata siku moja.

"Hakuna? Basi wanaotaka amplifaya iondoke."

Mikono ikainuka, mmoja hapa, mmoja kule, kumi na mmoja. Wanaotaka ibaki nao wakainua: kumi na mmoja pia. Watu wakaanza kugeuka kumtazama Keith, ambaye peke yake hakuwa ameinua mara zote mbili, na macho yao yakaanza kuuliza. Hapo ndipo kijiko kikawekwa chini, na mkono wake ukapanda: iondoke.

Kesho yake asubuhi Des alitoka na ile amplifaya kwenda kuitoa getini, na Keith akaja mbio akivuka majani, hajafunga hata kamba za viatu.

"Ngoja nikushikie upande mmoja."

"Ina kilo mbili na nusu, Keith," Des alisema, akaiweka kwenye kiti cha nyuma, akaifunga mkanda, akaingia garini.